Moyo ulionenepa: dereva wa matatu, dawa tatu na kidonge kimoja

Dawa zake zilikuwa ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, na kopo lilikuwa karibu kujaa. Nilizimwaga mezani nikazipanga moja moja. Haidroklorothiazidi za miligramu 25, zimegeuka rangi kwa kukaa juani kwenye dashibodi ya gari. Atenololi, pakiti moja imeguswa, ya pili haijafunguliwa. Amlodipini za miligramu 10, zimebaki 23 kati ya 30, ilhali tangu azinunue zilikuwa zimepita wiki saba. Alinitazama nikihesabu, kisha akasema, "Daktari, hapo ndipo ujue presha yangu ni sugu. Dawa zote hizo nimezipitia."

Kuzipitia kweli alizipitia. Kuzinywa ndiko hakuzinywa, na sababu zake zilikuwa na uzito kuliko nilivyodhani nilipokuwa nahesabu.

Ni dereva wa matatu hapa Mombasa, ana miaka 53, na usukani ameushika zaidi ya nusu ya umri wake. Ameniruhusu nikieleze kisa chake bila jina wala mtaa. Presha yake iligunduliwa miaka sita nyuma, kwenye kambi ya kupima bure iliyopita karibu na msikiti wao. Hakuwa anaumwa chochote. Safari hii kilichomleta kliniki ni maji. Mfereji wa nyumbani kwao hutoa maji siku moja moja, siku nyingine wananunua kwa mkokoteni, na yeye hupandisha mtungi wa lita 20 hadi ghorofa ya tatu. Zamani alikuwa akipandisha miwili, mmoja kila mkono. Miezi ya karibuni alikuwa akiutua mmoja mara tatu kabla hajafika mlangoni, kifua kinabana, pumzi haitoshi. Mkewe ndiye aliyemwambia hilo si jambo la uzee.

Nilimpima baada ya kumkalisha dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu imekanyaga sakafu, mkono juu ya meza, bila mazungumzo. Mkono wake ni mnene, kwa hiyo nilitafuta mkanda mkubwa. Mkanda mdogo kwenye mkono kama ule hutoa namba ya juu kuliko ukweli, na wapo watu wanaoongezewa dawa kwa kosa la mkanda. Nilipima mikono yote miwili, kisha nikarudia mara mbili kwenye ule uliosoma juu. Wastani ulikuwa 182 kwa 110. Mpaka ambao wengi wetu tunautumia hospitali ni 140 kwa 90.

Kipimo cha umeme wa moyo ndicho kilichonisimamisha. Kuna hesabu ya zamani ambayo kila tabibu anaijua: unachukua kina cha wimbi linaloshuka kwenye waya wa kwanza wa kifua, unakijumlisha na urefu wa wimbi linalopanda kwenye waya wa tano au wa sita. Ikifika milimita 35 au kuzidi, unashuku kwamba misuli ya upande wa kushoto wa moyo imenenepa. Yake ilikuwa 44. Mawimbi ya mwisho kwenye nyaya za pembeni yalikuwa yamepinduka, dalili kwamba misuli hiyo inafanya kazi kwa kujikaza. Altrasaundi ya moyo ikathibitisha: ukuta wa katikati milimita 15, ukuta wa nyuma milimita 14, wakati mwanamume mzima hutarajiwa asizidi milimita 10 au 11. Uzito wa misuli ya chemba ya kushoto ukilinganishwa na ukubwa wa mwili wake ulikuwa gramu 139 kwa mita mraba. Kwa mwanamume mpaka ni 115. Vali ya aota ilikuwa inafunguka vizuri, kwa hiyo si vali iliyokuwa ikiubana moyo. Kwao hakuna mtu aliyekufa ghafla kijana, na unene wenyewe ulikuwa umeenea sawasawa kuta zote. Ilikuwa kazi ya presha.

Hapa pana jambo la lugha linalonisumbua. Kwenye karatasi za rufaa na midomoni mwa watu, yote haya huitwa "moyo kutanuka". Moyo wake haukuwa umetanuka. Chemba yake ilikuwa na ukubwa wa kawaida, na ilisukuma damu kwa nguvu kama ya mtu mwenye afya. Kilichobadilika ni ukuta. Moyo uliotanuka ni kama kiriba kilicholegea; moyo ulionenepa ni mgumu, haulegei vya kutosha kupokea damu inayorudi kutoka mapafuni. Ndiyo maana pumzi ilimwishia ngazini ingawa nguvu ya kusukuma ilikuwepo: damu ilikuwa ikijazana nyuma, kuelekea mapafu. Mtu akiambiwa tu moyo wake umetanuka, anaona ameandikiwa kifo. Huyu alikuwa ameshaambiwa hivyo mahali pengine, akarudi nyumbani, hakulala usiku ule, na tangu siku hiyo akaogopa kurudi hospitali.

Nikamwonyesha picha kwenye skrini, nikamwekea kidole pale ukuta unapoanza na pale unapokwisha. Nikamwambia mpakizi wa bandarini mkono wake hunenepa kwa kubeba magunia, lakini jioni mkono huo hupumzika. Moyo unaosukuma damu kwenye mishipa iliyokaza haupumziki hata usingizini. Misuli inaongezeka, mishipa midogo inayoilisha haiongezeki kwa kiasi hicho, kwa hiyo sehemu za ndani zinakosa damu na kuingia makovu. Makovu hayo ndiyo yanayovuruga mapigo, na mapigo yaliyovurugika ni mojawapo ya njia zinazompeleka mtu kwenye kiharusi. Akauliza swali moja tu: "Unapungua?" Nikamjibu kwamba kwa wengi unapungua, presha ikishuka na ikakaa chini.

Sasa turudi kwenye kopo. Nilimwomba anieleze kila dawa iliachwaje. Haidroklorothiazidi, ile ya kukojoza, alipewa ameze asubuhi. Yeye anatoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri. Saa mbili yuko kwenye msongamano wa daraja la Nyali, gari limejaa, na mkojo umembana hadi anatokwa na jasho. Aliivumilia wiki mbili. Amlodipini ya miligramu 5 ilimshusha kidogo. Ikaongezwa hadi 10, na miguu ikaanza kuvimba kila jioni mpaka kiatu hakimwingii. Akawa anameza siku ambazo haendeshi. Atenololi ilimlegeza mwili, na aliposema ilimharibia mambo ya ndani aliinamisha kichwa, nami nikaandika bila kuuliza zaidi. Enalaprili aliitumia mwaka mzima ikipandishwa hadi miligramu 20, presha ikabaki mia na sitini na kitu, akaambiwa haimfai, akarudishwa kwenye amlodipini.

Alipita kliniki nne, na hakuna mahali pamoja palipofanya jambo la ajabu. Kila tabibu aliona dawa moja, akaona presha iko juu, akaongeza kipimo au akabadilisha. Ukitazama siku ile moja, utasema alifanya kazi yake. Ukizitazama siku zote pamoja, mtu amekaa miaka sita hajawahi kutumia dawa mbili kwa wakati mmoja, huku ukuta wa moyo ukiongezeka unene bila yeye kusikia maumivu.

Mwaka 2009 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio 42 yenye washiriki karibu 11,000, na jibu lake lilikuwa kwamba kuongeza dawa ya pili ya kundi jingine hushusha presha takriban mara tano zaidi ya kuirudufu ile ya kwanza. Mimi nikiisoma namba hiyo namwona dereva huyu na miguu yake. Kutoka miligramu 5 kwenda 10 za amlodipini kulimpa faida ndogo na uvimbe mkubwa. Presha inashikiliwa juu na njia kadhaa: mishipa kukaza, chumvi na maji kubaki mwilini, na homoni zinazoanzia kwenye figo. Ukiziba njia moja, mwili unatumia nyingine. Dawa mbili au tatu kwa vipimo vidogo huziba njia hizo pamoja, na wakati mwingine moja hufuta kero ya nyenzake. Dawa za kundi la satani, kama telmisatani na losatani, hupunguza ule uvimbe wa miguu unaoletwa na amlodipini. Dawa ya kukojoza hupoteza potasiamu, satani huihifadhi.

Nilichagua nini, na kwa nini? Msingi ulikuwa amlodipini, lakini miligramu 5 tu. Kwa Waafrika tuna ushahidi wetu wenyewe: jaribio la CREOLE, lililochapishwa mwaka 2019, lilifanyika kwa watu 728 katika nchi sita za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo. Walilinganisha jozi tatu za dawa, na jozi mbili zenye amlodipini ziliishinda ile isiyokuwa nayo. Mwenzake nikachukua telmisatani miligramu 40. Njia ya homoni ya figo, ambayo telmisatani inaizuia, hukaza mishipa na pia huchochea misuli ya moyo kunenepa na kuota makovu. Enalaprili huigusa njia hiyo hiyo, lakini huja na kikohozi kikavu, na uvimbe wa ghafla wa midomo na koo ambao watu weusi huupata zaidi.

Jaribio kubwa la watu wenye moyo ulionenepa kama wake ni LIFE la mwaka 2002, washiriki 9,193, losatani ikishindanishwa na atenololi. Waliopewa losatani walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 25. Lakini ni lazima niseme na upande wa pili, maana huwa haunukuliwi: kati ya washiriki 533 weusi, faida hiyo haikuonekana, na matokeo yalielekea upande wa atenololi. Ndiyo maana sikumpa satani peke yake. Satani pamoja na amlodipini, na baadaye dawa ya kukojoza, ni habari nyingine.

Amlodipini na telmisatani nikampa ndani ya kidonge kimoja. Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge vya mchanganyiko wa presha kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na mwongozo wake wa 2021 unavipendelea.

Akarudi baada ya wiki tatu. Presha 136 kwa 84, miguu haijavimba, ana furaha, nami nina furaha. Saa sita mchana maabara wakanipigia simu. Potasiamu 5.8. Kreatinini, kipimo cha figo, imetoka 104 hadi 139. Kupanda kidogo baada ya kuanza satani kunakubalika, hadi kama asilimia 30. Hii ilikuwa imepita. Na potasiamu ikizidi kupanda kutoka pale inaweza kuusimamisha moyo.

Nikamwita arudi siku ile ile, aje na mkewe. Umeme wa moyo ulikuwa haujaonyesha hatari mpya, tukashusha pumzi. Kisha nikauliza maswali niliyopaswa kuyauliza wiki tatu nyuma. Mkewe akafungua mkoba akatoa pakiti za enalaprili, za miezi miwili, zilizobaki baada ya ile kliniki kumbadilishia. "Daktari, hizi zilikuwa nzima, sikutaka zitupwe. Nilikuwa nampa jioni, ile yako asubuhi." Mama huyu hakukosa. Alikuwa anampenda mumewe na alikuwa amezilipia dawa zile. Mimi niliona kopo limejaa nikaamini nimeona kila kitu. Sikuwaambia walete na zilizo kabatini, wala sikusema kwamba enalaprili na telmisatani haziendi pamoja. Jaribio la ONTARGET la mwaka 2008, la watu zaidi ya 25,000, lilipima telmisatani pamoja na dawa ya kundi la enalaprili. Wagonjwa hawakupata nafuu ya ziada, na figo ziliumia zaidi.

Hiyo ilikuwa moja. Ya pili ilikuwa diklofenaki, aliyokuwa akinunua duka la dawa kwa ajili ya mgongo, karibu kila siku. Madereva wengi wanaimeza kama pipi. Hupandisha presha, hupunguza nguvu ya dawa za presha, na ikikutana na satani huibana figo. Ya tatu sikuitarajia: madafu. Alikuwa ameambiwa madafu yanashusha presha, akawa anakunywa mawili matatu kwa siku pale Kongowea kila anaposubiri abiria. Dafu lina potasiamu nyingi. Kwa mtu mwenye figo nzima asiyetumia dawa hizi ni kinywaji kizuri sana, na mimi nayapenda. Kwake, siku zile, yalikuwa yanaongezea moto kuni.

Tukasimamisha kidonge, akabaki na amlodipini pekee kwa wiki moja. Enalaprili nikaichukua mkononi mwa mama. Diklofenaki ikaachwa, akapewa parasetamoli na mazoezi ya mgongo, na mto mdogo wa kiti. Madafu yakakatazwa mpaka nitakapomwambia. Baada ya wiki potasiamu ilikuwa 4.6 na kreatinini 108. Tukarudisha kidonge, na wiki nne baadaye potasiamu imetulia, presha 148 kwa 92. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi halisi ya kidonge. Ile 136 ilikuwa imesaidiwa na enalaprili ya kabatini.

Ilibaki kuongeza dawa ya tatu, nayo ilikuwa ile ile aliyoitoroka ya kukojoza. Nilimweleza sababu: chumvi inayobaki mwilini ndiyo iliyokuwa inaishikilia presha, na dawa hiyo pia ingesaidia kuizuia potasiamu isipande. Akakunja uso. "Daktari, darajani pale sina pa kwenda." Tukaichambua siku yake saa kwa saa. Anakabidhi gari kwa dereva wa zamu saa nane mchana, anafika nyumbani, anakula, analala hadi alasiri. Basi dawa ikawa ya saa nane, kipimo cha nusu ya kile cha zamani, miligramu 12.5. Watabibu wengi wamezoea kusema dawa ya presha ni ya asubuhi, wengine wanasisitiza usiku. Jaribio la TIME la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2022 kwa watu zaidi ya 21,000, halikuona tofauti kati ya asubuhi na jioni katika kuzuia shambulio la moyo na kiharusi. Saa inayofaa ni ile ambayo mtu hataikosa. Baadaye tulipata kidonge chenye zote tatu, akabaki na kimoja kwa siku. Ramadhani ilipoingia kikahamia baada ya futari, kwa onyo kwamba akisikia kizunguzungu asivumilie, afungue na anipigie simu.

Nyuma ya kadi yake niliandika majina matatu na vipimo vyake, kwa herufi kubwa. Kidonge cha mchanganyiko kina udhaifu mmoja: kikikosekana dukani, mtu anakosa dawa zote tatu kwa mpigo. Kadi ile humwezesha kununua zikiwa mbalimbali. Imeshamfaa mara mbili.

Kuhusu chakula na muguka, yale majani ya jamii ya miraa, nitasema kwa ufupi, ingawa vilituchukua muda. Chumvi alipunguza kwa kuacha ng'onda na kutojiongezea mezani. Mkewe alianza kupika mbaazi za nazi kwa ndimu zaidi na chumvi kidogo, naye akazoea. Muguka alikuwa anatafuna ili asisinzie zamu ya alfajiri. Inachochea mapigo na inapandisha presha. Sikumhubiria, hapa Mombasa jambo hilo limeshafika hadi mahakamani, na kila mtu ana maneno yake. Nilimwomba apime presha yake mwenyewe siku aliyotafuna na siku ambayo hakutafuna. Akaniletea namba kwenye kipande cha karatasi ya risiti, tofauti ya 14 upande wa juu. Sasa anatafuna mara chache. Hajaacha kabisa, na ameniambia ukweli huo bila kuulizwa.

Baada ya miezi kumi na minne tulirudia altrasaundi. Presha ilikuwa imekaa karibu na 128 kwa 80 kwa muda mrefu. Ukuta wa katikati ulikuwa umeshuka kutoka milimita 15 hadi 13, wa nyuma kutoka 14 hadi 12. Uzito wa misuli ulikuwa gramu 117 kwa mita mraba, juu ya mpaka kwa gramu mbili. Mawimbi yaliyopinduka yalikuwa yamenyooka kwenye waya mmoja, mwingine bado. Alitazama skrini akaweka kidole chake mwenyewe pale nilipokiweka changu mara ya kwanza. Akasema mtungi anaupandisha bila kuutua, mmoja tu, wa pili anabeba kijana wake.

Kisha akauliza nilichokuwa nakitarajia: kwa kuwa umepungua, aache dawa? Nikamwambia umepungua kwa sababu presha iko chini, na presha iko chini kwa sababu ya kile kidonge. Kikiondoka itapanda, na ukuta nao utaanza upya. Akamtazama mkewe. Mama akasema kidonge kinakaa juu ya friji, karibu na funguo za gari, na saa nane yeye ndiye anayekumbusha.

Potasiamu yake ilikuwa 4.3. Nikamruhusu dafu moja kwa wiki.